Hesabu ya Miaka 28

Mwaka 1096, katika mji wa Angers, magharibi mwa Ufaransa, mtawala mwenye umri wa miaka 53 aliamua kuandika habari za ukoo wake. Alianza kwa kujitambulisha kama wafanyavyo wazee wanapotaka mgeni ajue anaketi na nani: yeye ni Foulques, mama yake ni Ermengarde, babu yake mzaa mama ni Foulques, mjomba wake ni Geoffroy. Kisha akawafikia wale wanne wa mwanzo, waasisi wa nchi, akakwama. Akakiri kwamba hana la maana la kusema juu yao, kwa kuwa wako mbali mno na siku zake hata makaburi yao hayajulikani yalipo.

Habari za mabwana wa enzi ile ziliandikwa na watawa. Mtawala asiye padri wala mtawa kueleza ukoo wake mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, lilikuwa jambo la nadra sana. Pengine kalamu ilishikwa na karani, maana maandishi ni ya Kilatini, lakini anayesema "mimi" ndani yake ni Foulques IV, mtawala wa Anjou. Kimetufikia kipande tu cha kazi hiyo, na ndani ya kipande hicho kuna tarakimu moja ambayo sijaweza kuiacha. Anasema ameitawala Anjou kwa miaka 28.

Niseme kwanza neno juu ya cheo chake, kwa sababu Kiswahili kinatuletea kichekesho hapa. Kwa Kilatini aliitwa comes, yaani mwandani, mtu wa kufuatana na mfalme. Wafaransa wakapata hapo comte, na nchi yake wakaiita comté. Waingereza wakalipokea neno hilo la pili kutoka kwa Wanormandi, na sisi kutoka kwa Waingereza. Ndiyo hiyo kaunti, ambayo Kenya inazo 47. Nchi tunayo katika lugha yetu, mwenye nchi hatuna. Mashine za kutafsiri zikimkuta bwana huyu katika Kiingereza huweza kumwita "Hesabu", kwa kuwa huko cheo chake na kitendo cha kuhesabu vinaandikwa sawasawa. Mimi nitamwita kabaila. Lakini kosa la mashine silitupi, maana mtu huyu alihesabu miaka yake vizuri kuliko alivyokusudia.

Ukoo wenyewe haukuwa wa watu wapole. Babu, Foulques Nerra, alishika Anjou mwaka 987, mwaka uleule Hugues Capet alipotawazwa kuwa mfalme wa Ufaransa, akaitawala mpaka 1040. Alimshinda Conan wa Bretagne huko Conquereuil mwaka 992, na Eudes wa Blois huko Pontlevoy mwaka 1016. Alijenga ngome bonde zima la mto Loire, moja baada ya nyingine, umbali ambao askari wa farasi angeweza kuukata kwa siku moja. Mke wake wa kwanza, Élisabeth wa Vendôme, aliteketea kwa moto mjini Angers, na wanahistoria wamemwekea mumewe lawama hiyo. Alikwenda Jerusalem kuhiji zaidi ya mara moja, akafia Metz akiwa njiani kurudi. Alikuwa mtu wa kutenda kwa ukubwa na kutubu kwa ukubwa, na katikati ya hayo mawili sidhani kama alipumzika.

Mwanawe Geoffroy alipewa jina la utani Martel, Nyundo. Nyundo hiyo haikumhurumia hata baba aliyeifua, maana waliwahi kupigana vita, baba na mwana. William wa Malmesbury, mtawa wa Uingereza aliyeandika baadaye sana, anasimulia kuwa mzee alimshinda kijana akamlazimisha kutambaa maili kadhaa na tandiko la farasi mgongoni. Alipofika miguuni pa baba, mzee akampiga teke akimwambia: umeshindwa, umeshindwa. Mtoto akajibu kwamba ameshindwa na baba yake tu, kwa wengine wote hashindwi. Inasemekana jibu hilo lilimridhisha mzee. Sina hakika na kisa chenyewe, ila naelewa kwa nini watu walikuwa tayari kuamini kwamba ukoo huu ndivyo unavyopatana.

Martel aliipanua nchi, akautwaa mji wa Tours mwaka 1044, na akafa Novemba 1060 katika monasteri ya Saint-Nicolas mjini Angers, akiwa amevaa vazi la utawa. Mtoto hakuacha. Aliacha wapwa wawili, watoto wa dada yake Ermengarde.

Neno mjomba lina utamu wake kwetu. Kwa mjomba ndiko mtoto anakodekezwa, anakula bila kuulizwa, anavunja chungu na hakemewi. Mjomba huyu aliwaachia wapwa zake nchi nzima, na pamoja na nchi akawaachia ugomvi. Mkubwa, Geoffroy, aliyeitwa Mwenye Ndevu, alipata Anjou na Touraine. Mdogo, Foulques wetu, ambaye mjomba alikuwa amemvika upanga siku ya Pentekoste mwaka huohuo akiwa na miaka 17, alipata Saintonge, nchi ya kusini, mbali na kitovu cha mambo na jirani kabisa na bwana wa Aquitaine. Haikupita miaka miwili, mji wa Saintes ukanyakuliwa na bwana huyo. Sasa mdogo hakuwa na kitu cha maana, na kaka alikuwa na kila kitu. Watu wakamwita Foulques "le Réchin", jina ambalo naweza kulitafsiri Mkunja Uso, au mtu wa manung'uniko. Ningekuwa mahali pake nami ningekunja.

Geoffroy alikuwa na udhaifu mmoja uliomponza: aligombana na Kanisa. Alisumbuana na watawa wa Marmoutier na askofu mkuu wa Tours, hata mwaka 1067 mjumbe wa Papa akamtenga na Kanisa. Zama hizo, ukigombana na watawa umegombana na watunza kumbukumbu. Karibu kila tunachokijua juu ya Geoffroy kimeandikwa na watu waliokuwa na sababu ya kumchukia au waliomwogopa aliyemshinda. Kama alikuwa mtawala mbaya hivyo kweli, hatuna shahidi wa upande wake.

Foulques hakungoja. Februari 1067 akaingia Saumur, mabwana wa huko wakiwa wamemfungulia. Jumatano tarehe 4 Aprili, katika juma takatifu, akaingia Angers na kumkamata kaka yake. Wakristo wa kale waliihesabu Jumatano hiyo kuwa siku ya Yuda, na watu wa mji hawakuhitaji kukumbushwa. Wakawageukia baadhi ya mabwana waliomkabidhi Geoffroy, wakawaua. Papa Alexander II akataka mfungwa aachiwe, Foulques akamwachia. Mwaka uliofuata Geoffroy akakusanya watu na kuizingira ngome ya Brissac. Wakapigana uwanjani, akakamatwa mara ya pili. Mara hii alipelekwa Chinon, na mlango ukafungwa.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Philippe I, mfalme wa Ufaransa, aliyekuwa bado kijana, hakungoja wapatane. Alivuna wakiwa bado wanagombana. Ili mfalme auridhie utawala wake, Foulques alimpa Gâtinais, pamoja na Château-Landon. Hiyo ilikuwa nchi ya baba yao. Kwa hiyo mtu huyu alitoa urithi wa baba ili abaki na urithi wa mjomba, akiwa amemfungia ndugu waliyezaliwa tumbo moja. Katika kitabu chake vita hivyo vyote vimepewa mistari michache, na Mungu ametajwa kuwa upande wa mwandishi.

Chinon ni ngome juu ya mwamba mrefu, mto Vienne ukipita chini yake. Msafiri anayepita na mashua huiona kutoka mbali, mawe meupe kwa kijivu, na kama hajaambiwa hawezi kuwaza kwamba mle ndani mtu mmoja aliwahi kuhesabu miezi mpaka akaacha kuhesabu. Geoffroy aliingia humo mwaka 1068. William wa Normandie alikuwa hajamaliza kuituliza Uingereza aliyoiteka miaka miwili nyuma. Mfalme wa Ujerumani akasimama kwenye theluji ya Canossa akimwomba Papa msamaha mwaka 1077, Geoffroy yumo. Foulques akapigana na Wanormandi kwa ajili ya nchi ya Maine, akaishambulia La Flèche, akafanya nao mkataba mwaka 1081, kaka yumo. Toledo ikaanguka mikononi mwa mfalme wa Castilla mwaka 1085, William naye akafa Rouen mwaka 1087 akiwa mzee mnene. Yumo. Walinzi waliompelekea mkate siku ya kwanza lazima walizeeka wakabadilishwa na vijana ambao hawakujua kwa nini yule mzee yumo, ila kwamba asitoke.

Kwa nini hakumwua? Ingekuwa rahisi zaidi, na ukoo huo haukuwa mgeni wa damu. Nadhani jibu ni kwamba kumwua ndugu kulikuwa na jina, jina la Kaini, na kila mtu kanisani alilijua. Kumfungia hakukuwa na jina. Mtu angeweza kuketi mezani, akanawa mikono, akala, akasema kweli tupu kwamba ndugu yake yu hai. Upole wa namna hiyo unanitisha kuliko upanga, kwa kuwa upanga hutumika mara moja na huu ulitakiwa kutumika upya kila asubuhi.

Hata hivyo Kanisa halikusahau kabisa. Mwaka 1094 Hugues de Die, askofu mkuu wa Lyon na mjumbe wa Papa, alikuja Saumur kuchunguza shauri hilo. Akamwona Geoffroy. Akamkuta amepotewa na akili. Basi uamuzi ukawa kwamba mtu wa hali hiyo hafai kutawala, na kwamba Foulques, ambaye naye alikuwa ametengwa na Kanisa, aondolewe adhabu hiyo na abaki mahali pake. Nimeirudia hoja hii mara nyingi nikitafuta tundu, na kisheria sijalipata. Kifungo kilimwondolea Geoffroy akili, na kukosa akili kukamhalalishia ndugu yake kile alichokipata kwa kumfunga.

Sharti moja liliambatana na msamaha huo, nalo latufungulia mlango wa chumba kingine cha nyumba hii. Foulques aliapa kutooa tena bila kumshauri mjumbe wa Papa. Wake zake wamekuwa mtihani kwa wanahistoria, kwani hata idadi hawakubaliani. Wengine hufika watano. Alioa, akaacha, akaoa. Wa mwisho alikuwa Bertrade de Montfort, aliyemwoa mwaka 1089. Orderic Vitalis, mtawa wa Normandie, anaeleza kwamba Foulques alimtaka binti huyo kama malipo ya kumsaidia bwana wa Normandie katika mambo ya Maine, na kwamba mwenyewe alikuwa na miguu yenye kasoro, akajitengenezea viatu vya ncha ndefu ili afiche vinundu vya vidole. Vijana wasiokuwa na kinundu hata kimoja wakaviiga, ikawa fasheni. Simulizi hilo lina harufu ya umbeya, lakini nalipenda, kwa sababu ndilo pekee linalomwonyesha mtu huyu akiona haya ya kitu.

Mwaka 1092 Bertrade akamwacha, akaenda kwa mfalme. Ndiyo, Philippe yuleyule aliyepewa Gâtinais. Mfalme akamfukuza malkia wake, Berthe wa Holland, akamweka Bertrade mahali pake, jambo lililomfanya atengwe na Kanisa, na Papa Urban II akaithibitisha adhabu hiyo katika mkutano wa Clermont, Novemba 1095, mkutano uleule alipotangaza safari ya kwenda Jerusalem. Foulques akabaki na mtoto mdogo wa kiume aliyezaliwa na Bertrade, naye akaitwa Foulques, na cheo kipya ambacho hakukizoea: mtu aliyedhulumiwa.

Hapo ndipo tunarudi kwenye mwaka wa kuandika. Kabla ya ujio wa Papa, anasema kabaila, nyota zilianguka kutoka mbinguni kama mvua ya mawe, kisha kukaja vifo na njaa. Angers peke yake walikufa wakubwa 100 na wadogo zaidi ya 2,000. Ona alivyowatenga hata makaburini. Februari 1096 Urban akafika Angers, akahimiza watu waende Jerusalem, akalitabaruku kanisa la Saint-Nicolas, na mwili wa mjomba Martel ukahamishwa kutoka ukumbi wa watawa ukaingizwa kanisani. Mwezi uliofuata, mjini Tours, Papa akampa Foulques ua la dhahabu alilolishika katika maandamano, na Foulques akaamuru kwamba yeye na warithi wake watalibeba ua hilo kila Jumapili ya Matawi.

Naweza kumwona siku hiyo, na viatu vyake. Ameona kwa macho yake jinsi mjomba anavyopewa kaburi la heshima, lenye jina, mbele ya Papa. Wale wanne wa mwanzo hawajulikani hata walipolala. Nadhani hapo ndipo alipoita karani. Aliogopa kusahauliwa, na hofu hiyo haimtofautishi na mtu yeyote. Kinachomtofautisha ni kwamba alijua vizuri, kuliko watu wengi, mtu anasahauliwaje. Alikuwa na mmoja anayesahauliwa kwa amri yake, mwendo wa siku chache tu kutoka alipoketi. Akaandika kwamba ametawala miaka 28. Toa 28 katika 1096 utapata 1068, mwaka wa Brissac na Chinon. Hakuanzia 1060 mjomba alipokufa, wala 1067 alipoingia Angers. Katika sentensi ileile anayojihesabia enzi ameandika, bila kukusudia, muda wa kifungo cha kaka yake. Ni hesabu moja yenye wenyewe wawili, na mmoja wao hakuulizwa.

Geoffroy aliachiwa karibu na wakati huohuo. Hakuwa tena wa kugombea chochote, na hakuishi sana.

Yaliyobaki nitayapita upesi, maana uzee wa Foulques haukuwa na jipya. Alikuwa na mwana mkubwa kwa mke mwingine, naye aliitwa Geoffroy Martel, kijana aliyesifiwa na watu. Baba alipoanza kumwelekea mtoto wa Bertrade, kijana aliasi, akalazimisha kushirikishwa utawala. Mei 1106, akiizingira ngome ya Candé, aliuawa kwa mshale uliotoka ukutani wakati wa mazungumzo ya kusalimu amri. Watu walinong'ona majina ya baba na ya mama wa kambo. Ushahidi sina. Lakini miezi mitano tu baadaye, Oktoba, mfalme Philippe na Bertrade walikuja Angers kwa mapumziko, na Foulques akawapokea kwa shangwe. Suger, aliyekuja kuwa abate wa Saint-Denis, anaandika kwamba Bertrade alikuwa amemlainisha mume wake wa zamani kiasi kwamba alizoea kuketi kwenye kigoda miguuni pake. Mume aliyeachwa, mke aliyemwacha na mfalme aliyemchukua, wote chini ya paa moja, na mwana wa kwanza kaburini. Mkunja Uso, siku hiyo, inaelekea alikuwa akitabasamu.

Alifariki tarehe 14 Aprili 1109, akazikwa katika monasteri ya l'Evière mjini Angers. Mtoto wa Bertrade akarithi, akawa mtawala mzuri, na mwaka 1131 akawekwa kuwa mfalme wa Jerusalem, mji ambao Nerra aliuendea kwa machozi. Mwana wa huyo alimwoa Matilda, binti wa mfalme wa Uingereza, wakamzaa Henry II. Kwa hiyo kitukuu wa Foulques alitawala kutoka mpaka wa Uskoti hadi milima ya Pyrenees, naye kama babu zake alipigana na nduguye, akamfunga mkewe Eleanor kwa miaka mingi, na akaasiwa na wanawe mmoja baada ya mwingine. Kiangazi cha 1189 alikubali masharti yote ya mwanawe Richard na ya mfalme wa Ufaransa, akiwa mgonjwa hawezi kukaa juu ya farasi. Akaomba asomewe orodha ya waliomsaliti, na humo likatajwa jina la John, kipenzi chake. Siku chache baadaye, tarehe 6 Julai, akakata roho. Alikuwa Chinon.